Taa ya Nyuma ya Mlinzi

— Wewe, ukiwa umeipanda baiskeli yako, taa ya nyuma umeshawahi kuiona ikiwaka?

Fundi ndiye aliyenitupia swali hilo, na wala hakungoja jibu. Kwenye benchi letu swali ni njia ya kuomba nafasi ya kuendelea kusema. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mnene juu ya matofali, mbele ya karakana yake ya baiskeli, katikati ya kibanda cha Kinyozi na kibanda changu cha kutoa nakala. Umeme ukikatika mashine yangu inageuka meza, nami nahamia hapo. Ndivyo nilivyozijua hoja zote za kijiwe bila kushawishiwa na hata moja. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mvua ilikuwa ile nyembamba, isiyonyesha wala isiyoacha. Muuza kahawa alikuwa ametuachia birika na vikombe, akaenda kujikinga. Tulikuwa wanne, tumebanana, kwa sababu pembe ya kushoto haikaliwi. Pale alikuwa akikaa Mlinzi. Tangu tumzike hakuna aliyesema pasikaliwe, ila kila anayefika hupatazama kwanza, kisha huwaambia wengine wasogee kidogo.

Mlinzi alikuwa akilinda ghala la mbao upande wa pili wa mji. Asubuhi akitoka kazini alikwenda kulala, alasiri alikuja kijiweni, akaiegemeza baiskeli ukutani, akaomba kahawa. Jua likianza kulegea aliisukuma dainamo kwa unyayo mpaka kichwa chake kikabana ubavu wa tairi la nyuma, akapanda, akaondoka. Dainamo ilivuma kama nyuki aliyefungiwa koponi, na kwa mvumo huo akina mama wa mtaa mzima walijua ni saa ya kuwaita watoto ndani.

Baiskeli haikuwa na kufuli. Sheria ya kijiwe, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe, ilikuwa kwamba baiskeli iliyoegemea ukuta ule ni ya wote. Mwenye haja anaichukua bila kuomba, mradi airudishe kama alivyoikuta. Sote tuliitumia. Mimi niliifuatia karatasi, Fundi vipuri, Kinyozi nyembe na poda. Redio aliichukua kwenda kuthibitisha habari ambazo alikuwa ameshazitangaza.

Redio ndiye mkubwa wetu. Alikuwa dereva wa malori, akastaafu, lakini mdomo ukakataa kustaafu pamoja naye.

Ajali yenyewe kila mtu anaijua. Gari dogo la mizigo lilitokea nyuma ya Mlinzi jioni, likampiga bega kwa ubavu wake, naye akaangukia mawe ya daraja la mtaro. Baiskeli ilipinda usukani, basi. Dereva hakukimbia, yeye ndiye aliyempakia na kumfikisha hospitali, na huko huko akasema neno ambalo hajalibadilisha mpaka leo: kwamba mbele yake palikuwa na giza tupu, kwamba mtu yule hakuwa na taa. Polisi wakalikubali. Mtaa nao ukalikubali, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya kawaida. Lakini sisi tulimwona akiondoka na taa. Kwa hiyo mchana ule, kama mchana wa jana yake na wa juzi yake, tulikuwa tunajadili ilizimika vipi.

— Dereva anadanganya, alisema Redio. Nimeishi na madereva. Dereva akikukosa, ni breki zake nzuri. Akikupata, ni taa yako mbovu.

— Wewe pia ulikuwa dereva, nikamwambia.

— Ndiyo sababu najua.

Fundi alisema hapana, dereva hana kosa, kosa ni la mwendo. Dainamo, alieleza, ni chombo cha kweli kupita vyote alivyowahi kufungia watu. Haichajiwi, haisahauliki nyumbani, haikuambii iko nusu. Unakanyaga, inawaka, unaacha, inazimika. Betri ni ahadi, alisema, dainamo ni mguu wako mwenyewe. Sasa pale karibu na mtaro pana tuta. Mlinzi alifika, akapunguza mwendo, taa ikazimika, gari likaja. Alilisema hilo kwa utulivu wa mtu aliyekuwepo, na hakuwepo.

Redio aliona hoja hiyo ni ya kitoto. Akamimina kahawa, akajipa muda.

— Umeme wa dainamo ni mchanga. Umezaliwa sasa hivi, na sasa hivi unatumwa kazi. Wa betri umelala mle ndani, umekomaa. Sasa wewe mtoto mchanga unamtuma aende mpaka nyuma ya baiskeli, gizani, peke yake?

— Dainamo iko nyuma, alisema Fundi. Safari ndefu ni ya mbele.

— Kwa hiyo wa mbele ndio uliochoka zaidi, na bado ulifika. Wa nyuma ulidharau kazi.

Hapo nilipaswa kunyamaza, lakini nilisoma fizikia mpaka ikanichosha, na upuuzi wa Redio una namna ya kukuvuta shati. Nikasema umeme hauna umri. Akaniangalia kwa huruma, akasema hayo ni ya vitabuni. Kisha akapanda ngazi nyingine: nyekundu ndiyo rangi inayokufa mapema kwenye manyunyu. Fundi akamkumbusha kwamba siku ile hapakuwa na manyunyu. Redio akasema basi ni lami. Barabara ile imewekwa lami juzi tu, na lami mpya hunywa mwanga, kwani sisi tulidhani ni nyeusi kwa sababu gani.

Kinyozi hakuwa amechangia. Ni mtu safi, kucha safi, kauli safi, na kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa rafiki wa Mlinzi. Tangu msiba amekonda mpaka koti lake jeupe la kazi linaonekana la kuazima. Kila mjadala ukifika hapo husema neno moja, na siku hiyo pia alilisema.

— Hiyo baiskeli iuzwe.

— Iuzwe kwa nini? Chuma kizima kile, alisema Fundi.

— Iuzwe tu. Au itupwe.

Mjadala uliishia hapo, maana binti wa Mlinzi alikuwa anakuja, na alikuwa anaikokota hiyo hiyo.

Alikuwa amevaa sare yake ya uuguzi na kanda mbili, viatu vya kazi akiwa amevifunga kwenye mfuko ili visilowe. Alitusalimia mmoja mmoja kama alivyofunzwa, shikamoo baba mkubwa kwa Redio, shikamoo baba mdogo kwa Fundi na kwa Kinyozi, na mimi shangazi, ingawa hatuna undugu wowote ila huo wa ukuta mmoja. Akaiegemeza baiskeli mahali pake pa zamani. Akaketi pembe ya kushoto. Hakujua, au alijua.

Alisema zamu zake kwenye zahanati zimebadilishwa. Kuanzia wiki ijayo atatoka jioni, njia ni ile ile ya baba yake, na kwa miguu ni mbali. Anataka taa. Taa rahisi, ya kutegemewa, isiyotaka kukumbukwakumbukwa.

— Mwachie baba yako dainamo yake, alisema Kinyozi haraka. Kuna taa za betri siku hizi, unabana tu kwenye kiti. Hiyo ing'oe.

— Nitachukua yoyote, baba mdogo. Shida si kununua. Shida ni mama.

Mama yake, alisema, amekataa. Si kwamba anaogopa barabara. Amekataa kwa hasira. Nguo za marehemu zimefungwa kwenye gunia, picha imegeuzwa ukutani. Watu wakija kumpa pole huwaambia mume wake alikuwa analinda mbao za watu kwa taa kali, na kichwa chake mwenyewe akakipeleka barabarani gizani kwa uzembe. Anasema mtoto hatapanda baiskeli ile mpaka mtu amweleze kwa nini taa ya baba yake ilikuwa imezimwa.

— Mimi sitaki kumsema baba, alisema. Ila na mimi nimeanza kumkasirikia. Usiku najikuta namuuliza, kwani kuwasha taa ilikuwa kazi gani?

Manyunyu yalikuwa yanaliimbia bati. Redio akasema, kwa upole ambao sikumjua nao, kwamba baba yake aliwasha. Sote tulimwona. Tulikuwa tumekaa hapa hapa.

— Mliona taa ipi?

— Ya mbele, alisema Fundi. Inawaka kama ya pikipiki. Wiki ile nzima ilikuwa inawaka hivyo, mpaka mwenyewe akawa anaisifia.

— Alisema inammulikia mpaka mashimo ya kesho, alisema Redio.

Tulicheka kidogo. Alikuwa kweli amesema hivyo, amesimama pale pale, mguu mmoja kwenye pedali, amefurahi kama mtu aliyeongezewa macho. Kinyozi alikiweka kikombe chake chini, kikiwa kimejaa.

— Na ya nyuma?

Huyu mtoto hakuwa na ujanja wowote katika kuuliza. Aliuliza kama anavyomuuliza mgonjwa panapouma. Na hapo ndipo sisi, wasemaji wa benchi, tulipogundua kwamba mtu akiondoka kijiweni anatupa mgongo. Taa ya nyuma ndiyo pekee iliyokuwa upande wetu. Sote tulikuwa tunaitazama, jioni ile na jioni zote za wiki ile. Fundi alisema kulikuwa bado na mwanga. Redio alisema alikuwa anaongea. Mimi nilikuwa najaribu kukumbuka nukta moja nyekundu, na kila niliyoikumbuka ilikuwa ya mwaka jana.

Binti alisimama. Akaisukuma dainamo kwa unyayo, kama baba yake, akaiinua baiskeli nyuma kwa keria, na kwa mkono mwingine akazungusha pedali. Ule mvumo ukarudi. Mama mmoja upande wa pili wa barabara alitoa kichwa dirishani, akatuona, akakirudisha ndani polepole.

Taa ya mbele iliwaka, nyeupe, kali, ikachora duara kwenye ukuta wa Kinyozi. Ya nyuma haikuwaka.

— Balbu, alisema Fundi, ameshafika na bisibisi. Aliifungua, akaitazama dhidi ya mawingu, akaipangusa, akaikaza tena. Balbu ilikuwa nzima. Akasema basi ni kutu. Akasema basi ni waya kukatika ndani. Wakati yeye anasema, binti alikuwa ameushika waya pale unapotokea kwenye taa na anaufuata kwa vidole, taratibu, chini ya madigadi, mpaka karibu na dainamo. Hapo uliacha njia yake. Ulikuwa umezungushwa kwenye bomba la fremu, raundi mbili nadhifu, na ncha yake imefungwa kwa kikaratasi.

Alikikunjua kikaratasi. Ncha ya shaba ilikuwa bado inang'aa. Akaichomeka mahali pake kwenye dainamo, akazungusha pedali tena, na taa ya nyuma ikawaka. Nyekundu, ndogo, imara. Haikuwa na tatizo lolote. Ile ya mbele ilififia kidogo, ikawa taa ya kawaida ya baiskeli, kama zilivyo zote.

Fundi alieleza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi na haikuipata. Dainamo ni moja, taa ni mbili. Ukiinyima ya nyuma, ya mbele inakula sehemu zote mbili. Ni hila ya zamani, watu huifanya wakitaka kuona vizuri, ingawa balbu huungua mapema. Aliyekula sahani moja na ndugu zake, alisema, hahitaji kufundishwa.

— Kwa hiyo baba hakujua, alisema binti.

— Angejuaje? Anaona mbele kunawaka. Nyuma anaona nani?

— Nani aliufunga huu waya?

Redio alisema mtikisiko wa barabara unaweza kuuchomoa waya. Nikamwambia hata mimi niko tayari kuamini mtikisiko unaochomoa. Huu unaojikunja, ukajizungusha raundi mbili na kutafuta karatasi, ni mtikisiko wenye mikono. Sikusema kwa ubaya. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimekiona kikaratasi. Kilikuwa kile cha nta kinachofungiwa wembe, na kijiweni kwetu wenye nyembe ni wawili. Kinyozi ananyolea. Fundi anakatia viraka vya mpira.

Redio naye alikuwa amekiona. Akamtazama Fundi. Sijui kwa nini Fundi. Nadhani kwa sababu baiskeli ikiharibika macho huenda yenyewe kwa fundi, kwa mazoea. Na binti akayafuata macho ya Redio.

— Baba mdogo, ni wewe?

Fundi alianza kwa kukana. Alisema yeye hafungi waya hivyo, yeye hutumia utepe wa umeme, aulizwe mtu yeyote. Kisha akakumbuka kwamba utepe ulimwishia mwezi ule. Akakumbuka kwamba aliikaza breki ya nyuma ya Mlinzi, au ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimwona akiitazama mikono yake iliyojaa grisi, akiigeuza juu na chini, kama amepewa ya mtu aishike. Watu wangapi wamempa baiskeli, waya ngapi amechomoa ili kupitisha spana, zote alizirudisha? Alikaa.

— Sikumbuki, mwanangu. Huenda nilifanya. Mimi nagusa nyingi.

Binti alikuwa amekishika kile kikaratasi kwa vidole viwili.

— Mwambie mama yako ni mimi, alisema Fundi. Mwambie baba yako hakuwa mzembe. Mwambie ni fundi wake. Nitakuja mwenyewe jioni nimwambie.

Redio alimwekea mkono begani. Mimi nilitazama birika. Ningeweza kusema kwamba wenye nyembe ni wawili. Lakini Kinyozi alikuwa amekaa kando yangu, tumebanana, na yeye peke yake hakuwa amekitazama kile kikaratasi. Nilikuwa nangoja, na sikuwa na uhakika kwamba ningengoja milele.

Binti alishukuru. Alimshukuru Fundi kwa kusema kweli. Akaanza kuugeuza usukani kuelekea nyumbani.

— Mwache Fundi, alisema Kinyozi.

Alisimama. Koti lake jeupe lilikuwa limelowa bega moja, lile la upande wa mvua.

— Fundi hajaugusa huo waya. Ni mimi. Ilikuwa siku ya mapumziko ya baba yako, baiskeli iko hapa ukutani, nikaichukua kufuata nyembe. Giza likanikuta njiani na ile njia ya dukani ina mashimo. Taa inafifia, sioni. Nikauchomoa wa nyuma, nikaufunga usiguse chuma. Nilisema nikifika nitaurudisha.

— Ukasahau, alisema Redio. Alilisema kwa kumsaidia.

— Sikusahau.

Akapangusa uso kwa mkono, maji ya mvua na yasiyo ya mvua.

— Siku mbili baadaye yeye ndiye aliyeanza. Akaniita, akaniambia jana taa yangu imewaka ajabu, wewe ndiye uliyekuwa nayo juzi, umeifanyaje? Amefurahi. Hamkumwona alivyofurahi? Mimi sijawahi kutengeneza kitu maishani mwangu, mimi nanyoa watu. Nikamwambia nimekusafishia waya. Nikasema moyoni nikiurudisha, taa itafifia, atajua. Nikangoja asahau kwanza. Kila siku anaisifia, kila siku nangoja.

Binti alikuwa bado ameshika usukani. Hakugeuka kabisa, aligeuza shingo tu.

— Akakuambia nini, baba mdogo? Ulipomwambia umeisafisha.

Kinyozi alitazama kikombe chake pale chini, kile alichokiweka kikiwa kimejaa. Mvua ilikuwa inadondokea ndani.

— Alisema asante. Akaninunulia kahawa. Nikainywa.